Mikono Isiyoungua

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu katika nyumba ya Getruda, kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Usiku ule aliilaza pale, kisha akakaa chini yake kwenye kigoda, blanketi mabegani, akisubiri. Mumewe, Rafaeli, alikuwa ameondoka asubuhi na binti yao Monika kwenda hospitali ya Sumbawanga mjini. Aliahidi kupiga simu jioni. Jioni ilipita, majirani wakazima taa, baridi ya mwezi wa saba ikapenya chini ya mlango, na simu ikabaki kimya kama jiwe.

Alijua chaji ilikuwa imemwishia Rafaeli. Alijiambia hivyo mara ishirini. Moyo wa mama lakini hausikii habari za chaji.

Kilichompeleka Monika hospitali kilikuwa baka. Baka moja, pana kama kiganja cha mtoto, juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia. Jambo lililomkosesha Getruda usingizi ni kwamba baka hilo alikuwa akilijua tangu mwaka jana. Alilitibu mwenyewe.

Maana Getruda, ingawa aliishia darasa la saba, alikuwa mtu wa ngozi. Hakuna aliyemteua. Alilea watoto sita na wadogo zake watatu, na macho yake yakazoea. Mtoto akijikuna usiku katikati ya vidole, alisema upele, na hakumtibu mtoto peke yake: aliwaambia watu wote wa nyumba wajipake dawa siku moja, wachemshe nguo, waanike blanketi juani. Duara lenye ukingo uliovimba, linalowasha na kupona katikati, alisema choa, akaagiza krimu duka la dawa na kuonya, "Likipotea usiache kupaka. Endelea wiki mbili. Choa ni mwongo, anajificha." Jipu hakulikamua hata lilipombembeleza, alilikanda kwa maji ya moto mpaka lipasuke lenyewe. Na alijua mpaka wake. Wenye kidonda cha mwezi mzima, homa au uvimbe wa usoni aliwapeleka zahanati.

Mpaka huo ndio aliouvuka.

Baka la Monika halikuwasha. Halikuwa na ukingo. Lilikuwa na rangi ya ugali wa ulezi uliolala, kavu, na hata walipopalilia mahindi katikati ya jua lilikuwa halitoi jasho. "Mba tu," Getruda alisema, akampaka krimu. Halikuondoka. Akampaka nyingine, iliyoletwa kutoka mpakani Kasesya. Halikuondoka, ila pia halikumsumbua mtu, na kisichosumbua husahaulika.

Halafu kulikuwa na ile sifa.

Getruda alipika kimpumu, pombe ya ulezi, na kila Jumapili baada ya misa wazee walikaa uani kwake na mirija yao, wakisubiri maji ya moto yaongezwe kwenye chungu. Monika ndiye aliyeleta maji. Wanawake wengine hukamata sufuria kwa kitambaa au kwa majani ya mgomba. Monika aliikamata kwa mikono mitupu, ikiwa inatokota, akaitua taratibu kama anatua kikapu cha mayai.

"Mama Monika," mzee Christopha alisema siku moja, "huyu binti umemkaanga kwenye chungu ukiwa na mimba yake?"

"Hawa ndio wanawake," Getruda alijibu. "Siyo hawa wenu wanaolia kwa kuchomwa na chai."

Wazee walicheka. Kati yao alikuwepo mjomba wa kijana aliyekuwa anatafuta mchumba, na kabla ya Pasaka posa ililetwa. Mikono ile ilitajwa. Mama mkwe mtarajiwa aliitaja mwenyewe: binti asiyeogopa moto ataendesha nyumba. Getruda alivimba kwa fahari siku tatu nzima.

Wiki iliyopita Monika alitua sufuria, na mzee Christopha hakucheka. Alisema, "Mwanangu, kuna harufu ya kuungua." Kiganja cha Monika kilikuwa kimechubuka, ngozi imeng'oka na kubaki kwenye mkono wa sufuria. Monika alikitazama kama anatazama kiganja cha mtu mwingine.

Nesi Isdori wa zahanati alikisafisha kidonda na kuuliza, "Kinauma?" Monika akasema hakiumi. Nesi akapandisha mkono wa sweta, akaona baka, akachomoa unyuzi wa pamba na kuusokota ncha yake. "Fumba macho," akamwambia. "Kila ninapokugusa, nioneshe kwa kidole." Monika alionesha begani, akaonesha shavuni, akaonesha kifundoni. Pamba ilipotua juu ya baka hakuonesha kitu. Getruda alikuwa amesimama pale pale, akiona pamba inagusa ngozi ya mwanawe na mwanawe amekaa tu, macho yamefumbwa, akisubiri kuguswa.

Simu iliita alfajiri, jogoo wa kwanza ameshawika.

"Getruda," Rafaeli alisema. "Ni ukoma."

Getruda aliinamisha sikio karibu zaidi na simu.

"Unanisikia? Wamesema dawa ipo, ni bure. Mwaka mzima, vidonge kila siku. Wamesema akishaanza kumeza hamwambukizi mtu. Vidole vyake bado vinanyooka, tumewahi. Ile ganzi hawana hakika kama itaondoka yote."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Walirudi mchana. Monika alikula, akameza vidonge vyake, akalala. Siku ya pili nesi Isdori alikuja nyumbani na kuwachunguza wote, mgongo, mikono, miguu, masikio. Hakuona kitu. Akakaa kwenye kigoda na kueleza kwamba ugonjwa huu hauji kwa kusalimiana wala kwa laana. Huja kwa watu kuishi karibu muda mrefu, na unaweza kukaa mwilini miaka bila kujionesha.

"Mtoto gani mwingine anashinda hapa?" akauliza. "Mtu yeyote mwenye baka kama lile?"

Monika alimtazama mama yake. Macho yake yalisema wazi: mama, usiseme. Posa bado ilikuwepo. Kijiji bado hakikujua.

"Hakuna," Getruda akasema.

Lakini yupo. Anaitwa Kija, ana miaka saba, ni mtoto wa Kabula, jirani Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao miaka mitano iliyopita. Kila asubuhi Kija huleta maziwa kwenye kidumu na kurudi na machicha ya pombe kwa ajili ya ndama. Hushinda kwa Monika, ambaye humsuka na kumfundisha kusoma. Wakati wa masika Kabula alimleta amemvua gauni: baka jeupe mgongoni, chini ya bega.

"Nilitaka nimpeleke zahanati," Kabula alisema siku hiyo.

"Upoteze siku nzima ya palizi kwa ajili ya mba?" Getruda alimjibu. "Nimeiona mara mia, mama Kija. Nyie Wasukuma ng'ombe akikohoa mnaita daktari wa mifugo, mtoto akipata mba mnataka kuita askofu."

Kabula alicheka mpaka akashika ubavu. Akaenda zake na krimu ya Kasesya.

Siku nne Getruda aliishi na neno lile, hakuna. Alipopika, lilikuwa jikoni. Misani alisimama na kukaa kama wengine, asikumbuke hata somo moja. Kila asubuhi Kija alikuja na kidumu, "Shikamoo mama," na Getruda akaitikia marahaba akitazama vidole vyake vidogo kwenye mshikio, kama bado vinanyooka.

Siku ya tano hakuweza tena. Alimkalisha Kija juani, akavuta uzi kwenye sweta lake mwenyewe.

"Tunacheza mchezo," akasema. "Fumba macho. Ukiguswa, sema hapa."

"Hapa," Kija alisema, uzi ukiwa shingoni. "Hapa," ukiwa kwenye kiwiko. Alikuwa anacheka, uzi unamtekenya. Getruda akaupitisha chini ya bega, juu ya baka. Akaupitisha tena, polepole.

"Mama, umeacha kucheza?" Kija akauliza.

Monika alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake uliofungwa bandeji. Alikuwa ameona yote. Getruda alidhani atalia, au atamkumbusha posa. Monika akaingia ndani, akatoka na sweta la Kija, akamvalisha.

"Nilikuwa najivunia," Monika akasema, bila kumtazama mama yake. "Nilidhani ni nguvu. Yeye asije akadhani ni nguvu."

Getruda alimshika Kija mkono, wakavuka shamba la mahindi yaliyokwishavunwa, mabua yakikwaruza miguu. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na alipofika kwa Kabula hakuyaona tena.

"Mwangaluka," akasema, salamu ya Kisukuma aliyofundishwa na Kabula mwenyewe.

"Leo umekuja na salamu zetu," Kabula akasema, akipukuchua mahindi. "Umekosa chumvi au umekosa mume?"

Getruda hakuketi alipokaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama hivyo hivyo. Alisema Monika ana ukoma. Alisema baka la Kija halikuwa mba, amelipima asubuhi na halisikii, na kwamba yeye ndiye aliyemzuia Kabula kwenda zahanati wakati wa masika, na kwamba nesi alipouliza alidanganya. Alisema dawa ipo na kwamba ugonjwa ukiwahiwa mapema hupona wote. Hili la mwisho alilisema haraka sana, kama mtu anayekimbilia kivuli.

Gunzi lilibaki mkononi mwa Kabula.

"Siku ngapi umejua?"

"Siku tano."

"Siku tano mwanangu anakuletea maziwa."

Kabula aliinuka, punje zikamwagika kutoka kwenye kanga. Akamvuta Kija ndani. Mlango wa mbao ukafungwa, na Getruda akasikia komeo likipita.

Alisimama uani. Upepo wa baridi ulikuwa unatembeza maganda ya mahindi. Ndani, Kabula alisema na mumewe Ngeleja kwa Kisukuma, sauti zikipanda na kushuka, na katika maneno yote Getruda alitambua moja tu, jina lake. Ndama alilia zizini. Mtu angeweza kwenda nyumbani. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kuondoka mbele ya mlango uliofungwa. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na alipoisikia ganzi ile aliogopa, akaikanyagisha chini mpaka ikauma.

Komeo likarudi.

Kabula alitoka amejifunga kanga safi, Kija mkononi, amevaa viatu vya misa. Macho ya Kabula yalikuwa mekundu na makavu. Hakumkaribisha Getruda wala hakumfukuza.

"Utatangulia wewe," akasema. "Na ukifika kwa nesi, utasema kwa mdomo wako mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi. Nataka niwe nimesimama hapo nikisikia."

Akauacha mlango wazi nyuma yake, na Getruda akatangulia.