Filimbi ya Likizo

Likizo nzima mume alishinda na filimbi shingoni. Katika kila nyumba ya wageni waliyofikia, aliipuliza alfajiri, akamkimbiza mkewe na mabinti zao wawili, kisha akawasimamisha kwa sala ndefu iliyotaja mpaka magoti ya kila mmoja. Siku ya tano, katikati ya kilima, mke alijibwaga chini.

"Baba watoto, tumekuja kutembea au tumekuja jeshini?"

Alijua mahubiri yanafuata. Lakini mume alichuchumaa, akamvua kiatu, akalipuliza lengelenge kisiginoni kama mtu anayepoza chai.

"Mama watoto, marehemu baba alianguka ghafla akafariki akiwa na umri wangu huu huu. Naogopa."

"Sasa si ungesema!" alifoka mkewe, akamnyooshea na mguu wa pili.