Ruhusa ya Kuchungulia Akaunti ya Mama

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, katika ofisi ya mikopo huko Mbarara. Mama alikuwa ameshika simu yake, kidole kikielea juu ya neno la kukubali. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake, nimejificha kama kawaida yangu. Nilikuja kumsomea Kiingereza tu.

Mama anataka cherehani. Hapa Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, anashonea ya kukodi, na mwenye nayo ameshasema anaiuza. Ofisi ingemkopesha, ila haimjui. Hana shamba la kuweka rehani, hana mdhamini. Ndipo dada Mganda wa pale alipotuambia kuna njia nyingine.

"Nyabo, mama yangu, wewe ruhusu tu benki yako itufungulie tuone akaunti. Sisi tunaona pesa inaingia namna gani, inatoka namna gani. Basi."

"Nikupe namba yangu ya siri?" mama aliuliza.

"Hapana. Hiyo usipe mtu, hata mimi. Benki ndiyo inatuonyesha. Kuona tu, kutoa hatuwezi."

Jambo hilo lilinishika. Siku zote nilidhani habari za akaunti ni mali ya benki. Kumbe ni za mama, na anaweza kumwonyesha anayemtaka. Maswali yakanijaa mpaka aibu ikanisahau.

"Mtaona mpaka lini?" niliuliza, nikitazama viatu vyangu.

"Kumbe huyu anaongea." Yule dada alicheka. "Miezi mitatu. Mama akichoka mapema, anaondoa ruhusa kwa simu, hata kesho."

"Na majina ya wanaotuma?"

"Yote tunaona. Mstari mmoja huwezi kuficha."

Mama akaiweka simu ndani ya mkoba. "Tutarudi," alisema.

Akaunti ile ni ya mama, lakini si ya mama peke yake. Jirani yetu, mjane kutoka Burundi, hana akaunti. Kaka yake aliye Ulaya humtumia pesa kupitia kwa mama, na mama humpelekea zote. Kaka huyo hataki jina lake lionekane popote. Kwa nini, hatujawahi kuuliza.

"Tena bangenizania tajiri na feza ya jirani," mama alisema tulipofika nyumbani, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, akajaribu kucheka. Kisha akaweka mkoba chini. "Nitamuambia nini, weye? Atazania namufukuza mu akaunti yangu."

Asubuhi iliyofuata nilichukua simu ya mama mezani. Aliniona, akaniacha niende nayo. Nilimkuta jirani akipuliza moto wa uji. Nilimweleza yote nikiitazama sufuria: kwamba wataona tu, hawawezi kutoa, kwamba ruhusa ina mwisho, kwamba jina la kaka yake litakuwemo.

"Na mama yako asipowafungulia?"

"Hapati mashine."

Aliendelea kukoroga, ingawa uji ulikuwa umeshaiva.

"Binti, jina si langu. Mimi siwezi kulitoa, na mama yako naye hawezi. Lete simu nimuulize mwenyewe."

Nikampa. Nikatoka, nikakaa juu ya jerikani mlangoni, nikisikia Kirundi nisichokielewa chote, sauti ikipanda, ikishuka, ikinyamaza kusikiliza. Wenzangu walipita na sare zao wakaniita twende shule. Niliwapungia mkono watangulie.