Fundi wa Taa Anayeshusha Bendera Nguzoni na Kuibeba Novemba

Saa moja na nusu asubuhi, Clive Hadlow yuko juu ya Mtaa wa Tanner, ndani ya kikapu cha gari la kutengenezea taa za barabarani. Mvua ni ile ya mji wa Aldersby, England, hainyeshi sana wala haikomi. Mkononi ana koleo la kukatia nyaya. Mbele yake, kwenye nguzo namba ishirini na saba, kuna bendera ya Uingereza iliyofungwa kwa kamba nne za plastiki, zile zile ambazo yeye hubania nyaya zake. Anakata ya kwanza. Chini, dirisha linafunguliwa.

"We Clive! Msaliti mkubwa wewe!"

"Na wewe habari za asubuhi, Craig."

"Mara ya tatu hiyo unanishushia!"

"Na mara ya tatu unaitundika kichwa chini," Clive anamjibu bila hata kugeuka. "Huu mstari mpana mweupe, upande wa mlingoti, unatakiwa kukaa juu. Wewe kila siku unauweka chini. Meli ikitundika hivi, maana yake inazama, inaomba msaada."

Craig Bulmer, kikombe cha chai mkononi na nywele hazijachanwa, anaifikiria habari hiyo kidogo.

"Basi iko sawasawa," anasema. "Tunazama."

Shabir Dar, dereva wa gari hilo, anacheka hadi anabonyeza honi bila kukusudia, na madirisha mengine mawili yanafunguliwa.

Clive hacheki. Anakata kamba tatu zilizobaki, anaikung'uta maji bendera, anaikunja mara mbili kwa urefu na kuiviringisha, kisha anaiweka kwenye mfuko safi wa nguo. Barua ya halmashauri inasema vitu vyote vinavyotolewa kwenye nguzo vitupwe kwenye gari la taka. Clive ameisoma barua hiyo, akaikunja pia, akaitia mfukoni.

Ana miaka hamsini na saba. Ameitengeneza mitaa ya mji huu kwa miaka ishirini na sita, na kwa mwezi anabakiwa na pauni elfu mbili na mia mbili hivi baada ya kodi. Kabla ya hapo alikuwa fundi umeme jeshini kwa miaka tisa. Magoti yake yanamuuma, jambo analolitaja kila anapopanda kikapuni, na Shabir anasema amelisikia mara nyingi kuliko adhana.

Bendera zilianza kuonekana mwezi Agosti. Wakazi wa Aldersby walilala nguzo zikiwa tupu, wakaamka mitaa mizima imevaa: nyingine za England, msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, nyingine za Uingereza nzima. Waliozitundika walisema ni upendo wa nchi. Wengine wakasema ni njia ya kumwambia mgeni ajue mahali pake. Magazeti yakabishana, baa zikabishana, na mwishowe halmashauri ikasema nguzo lazima zipimwe uimara kabla ya taa za Krismasi, hivyo kila kilichoning'inia kishushwe. Kazi ikamwangukia Clive.

Hapo ndipo mambo yalipomkaa vibaya. Clive ndiye mbeba bendera wa chama cha wanajeshi wa zamani wa Aldersby. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili ya Kumbukumbu mwezi Novemba, ndiye anayetembea mbele ya maandamano, glovu nyeupe mikononi, mkanda wa ngozi begani, mpaka kwenye mnara wenye majina ya waliokufa vitani. Kabla yake aliibeba baba yake. Alipofariki, mzee huyo alimwachia mwanawe saa ya mkononi isiyofanya kazi na zile glovu.

"Nimeitwa msaliti na watu sita wiki hii," anasema Clive wakati wa chai, ameketi mlangoni mwa gari. "Hilo naweza kulimeza. Lakini juzi mwalimu mmoja amenikumbatia hapo kwenye kona, ananiambia asante kwa kutuondolea matambara ya wabaguzi. Nilitamani kumrudishia kumbatio lake. Mimi siondoi matambara. Ile ni bendera yangu."

"Mzee, hukuweza kumwambia?" anauliza Shabir, akimpa sambusa.

"Alikuwa ameshika mtoto."

"Ungemwambia mtoto."

Shabir mwenyewe amezaliwa Aldersby, na wakati wa mpira hufunga bendera mbili kwenye madirisha ya gari lake. Mwaka huu hakuzifunga. Ukimuuliza sababu anabadilisha mazungumzo, anaanza habari za magurudumu.

Bendera zote Clive huenda nazo nyumbani. Mkewe, Noreen, anazifua, anazipiga pasi na kuzipanga kabatini, mahali pa mashuka ya wageni. Zimefika mia moja arobaini na tatu. Mlangoni wamebandika karatasi: mwenye yake aje aichukue, aitundike kwake nyumbani, si kwenye nguzo. Watu arobaini hivi wamekuja. Craig amekuja mara mbili, na mara zote mbili amekunywa chai, amekula biskuti, kisha ameondoka na bendera yake na kwenda moja kwa moja nguzo namba ishirini na saba.

"Ana kichwa kigumu tangu darasa la pili," anasema Noreen. "Ila ukijikata kidole, ni mtu wa kwanza kukupeleka hospitali."

Craig alifanya kazi katika kiwanda cha vigae kwa miaka ishirini na mbili. Kilifungwa mwezi wa tatu. Tangu hapo amepata kazi za siku mojamoja. Anapozungumzia bendera sauti yake hupanda, kisha hushuka ghafla.

"Nina nini kingine cha kutundika?" anauliza. "Cheti cha kiwanda? Hii ni ya kwangu, sikumwibia mtu. Nikiipenda wananiita mbaguzi. Sijawahi kumtukana mgeni yeyote mtaa huu. Waulizeni."

Mgeni wa kuulizwa yuko nyumba namba kumi na nane, na dirisha lake linatazamana na nguzo hiyo hiyo. Ni Blessy Varghese, muuguzi kutoka Kerala, kusini mwa India. Ana miaka minne Aldersby, katika wodi ya wazee. Kwa miaka mitatu na nusu alikwenda kazini kwa miguu, dakika kumi na mbili. Mwezi Septemba, gari lenye bendera mbili lilipunguza mwendo kando yake na kijana aliyekuwa ndani akampigia kelele arudi kwao. Tangu jioni hiyo anaita teksi. Ni pauni tisa kwenda, tisa kurudi.

Blessy hana ugomvi na bendera. "Kwetu Agosti kumi na tano, siku ya uhuru, kila shule inapandisha bendera, watoto wanapewa peremende," anasema. "Mimi nilikuwa nalilia kuivuta ile kamba. Lakini hii ya hapa sijui inasema nini. Siku ile nilimuuliza Bwana Clive, akiwa huko juu: inaniambia mimi, au wanaambiana wenyewe?"

Clive aligeukia nyaya zake. Alijifanya hakusikia kwa sababu ya injini, na aibu hiyo bado anayo. Jioni yake alikwenda kwa Craig.

"Kuna nesi hapo mbele anaogopa kupita chini ya bendera yako," alimwambia.

"Si mimi niliyempigia kelele!"

"Najua si wewe. Yeye atajuaje?"

Craig alifunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga tu.

Wiki iliyofuata barua ya chama ikafika. Mwenyekiti, Bi Rosalind Peake, mwanajeshi mstaafu wa miaka sabini na moja, aliiandika kwa mkono na inaonekana hakufurahia kuiandika. Wanachama saba walikuwa wamelalamika. Walisema mtu anayeshusha bendera siku za kazi hawezi kuibeba Jumapili. Ama Clive aiambie halmashauri imtafute fundi mwingine, ama glovu apewe mwingine. Angesikilizwa Alhamisi.

Noreen anasema mumewe hakulala vizuri siku tatu. Alikuwa akishuka uani na ufagio. Bendera ya chama hukaa kanisani, kwa hiyo mazoezi huyafanya na mpini wa ufagio uliofungwa taulo lililoloweshwa maji, maana ni kitambaa chenye maji kinachovunja viganja. Kuinyanyua si kazi. Kazi ni pale tarumbeta inapoanza, mbeba bendera anapoinamisha mlingoti taratibu, kwa hesabu, hadi kitambaa kiguse ardhi, na kukaa hivyo dakika mbili nzima bila kutikisika. Kadiri inavyoshuka polepole ndivyo inavyopendeza, na Clive huhesabu hadi sita kabla haijagusa ardhi. Baba yake alihesabu hadi nane, na Clive hajawahi kumfikia.

Alhamisi ukumbi wa chama ulijaa. Clive si msemaji. Alisimama akasema mambo mawili: kwamba ameagizwa na mwajiri wake, na kwamba hakuna bendera hata moja iliyoingia kwenye taka. Kisha akakaa. Mzee mmoja wa safu ya mbele akamwambia hayo ni maneno ya kujitetea, na watu kadhaa wakaitikia.

Ndipo Craig aliposimama nyuma. Ni mwanachama kwa ajili ya babu yake, ambaye jina lake liko kwenye mnara. Clive anakiri kwamba alipomwona alijua yamekwisha.

"Mimi ndiye ninayemuita msaliti kila wiki, mnanijua," Craig alisema. "Ya kwangu ameishusha mara tatu. Mara mbili nimekwenda kwake kuichukua, nimeikuta imefuliwa, imepigwa pasi na yule Noreen. Mimi nilipoitundika nilikuwa nimeitoa kwenye buti la gari, ina mafuta. Na nilikuwa naiweka kichwa chini, wala sikujua." Alikohoa. "Sijui nyie. Mimi nikiangalia nani kati yetu anaijua bendera, si mimi. Mara ya tatu sijakwenda kuichukua. Naona haya."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na tisa dhidi ya saba. Bi Peake alihesabu mara mbili, na mara ya pili alikuwa akitabasamu waziwazi.

Si kila kitu kimetulia. Wale saba bado hawamsalimii Clive dukani. Mtaa wa pili bendera mpya zimeota, na Jumatatu atapanda kikapu akazikate. Lakini nguzo namba ishirini na saba iko tupu. Bendera ya Craig iko kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, juu ya mlango, mstari mpana mweupe ukiwa juu. Aliifunga akiwa na ngazi, Clive akiwa chini anamuelekeza, na walibishana muda wote.

Siku hiyo hiyo Clive alivuka barabara, akagonga namba kumi na nane. Blessy alifungua akiwa na sare ya kazi, taulo kichwani.

"Lile swali lako nililisikia," Clive alimwambia. "Nilikuwa najifanya. Sina jibu la bendera zote. Ninalo la moja tu, ile ninayoibeba mimi. Jumapili ya tarehe tisa, saa tano asubuhi, tunapita hapa kwenda mnarani. Ningependa uje usimame na sisi. Kuna majina ya watu wa kwenu pia pale, mawili, yako upande wa nyuma."

Blessy alitazama nguzo, akatazama mlango wa Craig. Craig alikuwa amesimama pale na kikombe chake. Akakiinua kidogo, kama mtu asiyejua afanye nini na mkono wake.

"Nitakuwa nimetoka zamu ya usiku," alisema Blessy. "Nikisimama pale, si watu watanitazama?"

Clive hakutaka kumdanganya tena.

"Watakutazama kidogo," alisema. "Halafu nitaiinamisha bendera, na kila mtu atatazama chini."

Blessy alilisogeza taulo kichwani.

"Inakaa chini muda gani?"

"Dakika mbili."

"Na mikono haikuumi?"

"Inaniuma sana."

Sasa zimebaki siku kumi na moja. Uani kwa Hadlow, taulo lenye maji linashuka taratibu kwenye mpini wa ufagio, na Noreen anahesabu kutoka dirisha la jikoni. Jana mumewe alifika saba. Matumaini yake mwaka huu ni kufika nane, mbele ya mnara, bila kutikisika. Na Blessy Varghese amekwishampigia simu dereva wake wa teksi kumwambia kuwa asubuhi ya tarehe tisa asihangaike kuja, atarudi kwa miguu.