Mwanangu Hakuwamo Kwenye Kisu

Wewe unayesema haya ni uongo wa wazee, njoo Lugulu uniambie machoni. Niliyaona saa tisa mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya busaa.

Mimi ni mhunzi. Miaka ile vijana wakirudi kutoka vita vya Wazungu, ngariba wetu aliniagiza kisu kipya cha tohara. Cha zamani kilikuwa na mikwaruzo, na mkwaruzo hushika uchafu, kidonda kikaoza. Msimu uliotangulia tulizika mtoto wa jirani. Ngariba akaniambia, "Nisipohesabu nyusi zangu kwenye hicho chuma, sikichukui." Na msimu huo alikuwa akatwe Wekesa, mwanangu wa pekee. Alikuwa ameshazunguka na njuga akiwaalika wajomba zake. Kwetu ukishapiga njuga, hakuna kurudi nyuma.

Nilikifua kutoka springi ya lori. Kufua si kazi bana, kazi ni kusugua. Tupa, jiwe la mtoni, mchanga laini, mwisho majivu na mafuta juu ya ngozi ya ng'ombe. Siku nane! Vidole vilitoka damu. Mkwaruzo mmoja mwembamba ukakataa kutoka. Nikiusugua hapa, unatokea pale. Siku moja kabla ya tohara niliketi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema kwa sauti, "Aje yeyote anisaidie!"

Akaingia mtu mwenye koti la jeshi. Akasema ni mhunzi kutoka Naitiri. Sasa, kwetu mhunzi hampi mgeni amalizie kisu cha tohara alichokianza mwenyewe. Baba yangu alinionya mara ngapi? Lakini nilimpa. Wewe ungefanyaje?

Hakugusa majivu wala mafuta. Alikipangusa kwa kiganja kitupu, taratibu, kama anayempangusa mtoto machozi. Alipokigeuza, lo! Kilikuwa kioo. Niliona paa, niliona moshi, niliona nyusi zangu moja moja. Yeye, tuliyekuwa naye bega kwa bega, hakuwamo. Haki ya Mungu, hakuwamo.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Sisi tuliobaki kule vitani hatuonekani humo," akasema kwa upole. Akatoka.

Nilikuwa bado nimekishika kisu Wekesa alipoingia kuniita nikale. Akainama begani kwangu ajitazame.

"Baba, mbona naona wewe tu?" Akacheka, ati ni mchezo wa mwanga.

Mungu wangu! Nilimshika mkono nikamfungia ghalani, juu ya mahindi. Alilia, aligonga mlango, na asubuhi wenzake wakapita wakiimba kwenda mtoni kupakwa matope kabla ya kukatwa. Wajomba walifika wakakuta ua mtupu. Na kisu je? Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Ningekitupa chooni. Lakini niliogopa maneno ya watu, nikampa ngariba, nikanyamaza. Akahesabu nyusi zake, akafurahi. Watoto wa wenzangu wakakatwa nacho, wangu nimemficha.

Wote walipona. Hata homa hakuna aliyeshikwa.

Sherehe ilipokwisha nikamfungulia Wekesa, akanipita akatoka uani. Kila alipopita walimwita musinde, yaani asiyetahiriwa. Wiki haikuisha, akatoroka. Nilimtafuta Kitale yote, nikamkuta Endebess kwenye shamba la mzungu, anakamua ng'ombe. Msimamizi akamwambia, "Babako amekuja." Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi sina baba."

Yuko hai mpaka leo. Nasikia ana watoto, na sijui jina la hata mmoja. Angekufa siku ile? Sijui, na hilo ndilo linalonila. Tangu hapo nyundo sijaigusa.

Kwa hivyo nisikilize. Kazi ikikushinda, lala, uendelee kesho. Usimpe usiyemjua akumalizie. Na ukionyeshwa hatari, usimwokoe wa kwako halafu ukawanyamazia wenzako. Kuna mama hapa kijijini ambaye wanawe wawili walikatwa na kisu kile. Jumapili moja tukitoka kanisani aliniuliza polepole, "Mzee, uliona nini ukamficha wako, ukatuachia sisi kisu?"