Bomba Lililong'aa Kupita Kiasi

Nuriat hakuwa mtu wa kukaa. Hata uani kwake Nshambya, mbele ya pikipiki aliyoisimamisha juu ya matofali, alichuchumaa kidogo, akainuka, akaizunguka, akachuchumaa upande wa pili. Chai aliinywa amesimama. Aliyetaka kuongea naye ilibidi aongee huku akimfuata.

Miaka kumi na minne sasa alikuwa akinunua pikipiki zilizochoka vijijini, akizifufua na kuzirudisha huko huko kuziuza. Hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuuza chapati mbele ya gereji mjini Bukoba, akawasikiliza mafundi wakiwadanganya wateja, na siku moja akagundua kwamba uongo wao anaujua wote, na dawa yake pia. Chapati akamwachia mdogo wake. Mume alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta maisha. Inaonekana aliyapata, kwa sababu hakurudi.

Pikipiki ya wiki hiyo aliinunua Kashozi kwa mtu aliyekuwa akisombea ndizi. Injini ilichemka hadi mwenyewe aliendesha amepanua miguu kama mtu aliyepanda ng'ombe. Nuriat alipoinama kuitazama hakuuliza imetembea kilomita ngapi. Aliangalia shingo ya bomba la moshi, pale linapotokea kwenye injini. Chuma hicho hakifichi kitu. Injini yenye afya hukipaka rangi ya majani makavu. Injini inayoungua hukigeuza zambarau, kisha buluu. Hili lilikuwa buluu kama nzi wa chooni, na juu ya buluu umeganda utomvu wa ndizi uliochomeka ukawa mweusi kama lami. Akatoa bei ya aibu, akakubaliwa.

Siku tatu alipambana nayo. Alichokonoa kwa kijiti na brashi ya waya udongo uliojaa kwenye mapezi ya injini, yale yanayotakiwa kupitisha upepo. Akamwaga oili iliyokuwa nyeusi na nyepesi kama maji, akaweka mpya. Fundi wake, Burhani, alifungua kabureta na kukuta tundu la petroli limeziba nusu, kwa hiyo injini ilikuwa inakula hewa nyingi na mafuta kidogo, na hicho ndicho kilichokuwa kikiichoma. Wakalizibua. Wakabadilisha na ringi ya pale bomba linapokutana na injini, maana ilikuwa ikivujisha moto.

Likabaki bomba lenyewe. Nuriat alilainisha utomvu kwa mafuta ya taa, akaukwangua, akapiga msasa, akamalizia kwa majivu ya jikoni na ndimu. Burhani alimwambia aache rangi kidogo, wateja wa Muleba hawapendi kitu kisicho na historia. Nuriat akamjibu kwamba hawezi kuuza joto la mtu mwingine, akaendelea kusugua. Mkono ukishaanza hauachi. Alipomaliza, shingo ya bomba iling'aa kama kijiko cha harusi.

Pikipiki hiyo ilikuwa inakwenda Kishanda, huko Muleba, na hapo ndipo palipomnyima usingizi. Mwaka uliopita alimuuzia pikipiki mtu wa huko anayeitwa Avit. Miezi minne haikuisha, injini ikanoki, ikafa katikati ya mlima, ikiwa na mikungu mitatu. Tangu hapo Kishanda haikununua kwake hata tairi. Sasa mkulima mmoja wa kahawa, Mwijage, mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi waliotaka pikipiki za kusombea ndizi hadi barabarani, alikubali kuitazama moja. Akiichukua, tisa wengine watafuata. Akiikataa, Nuriat asahau Kishanda, na vijiji vya jirani vinavyosikiliza Kishanda.

Aliipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ili isichafuke njiani, bomba amelifunga kwa kanga. Kutoka Bukoba hadi Muleba alibadilisha mkao mara nyingi mpaka dereva akamuuliza kama kiti kina kunguni.

Mwijage alimpokea vizuri. Mkewe, Georgina, alileta kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kikapu kidogo cha kusukwa, na Nuriat akachukua punje mbili kwa heshima, akazishika tu mkononi. Mwijage akaizunguka pikipiki. Akainama penye shingo ya bomba. Akakaa hapo muda mrefu.

“Bi Nuriat,” alisema, “pikipiki inayokuja imebebwa ni mgonjwa. Na hii imeogeshwa kabisa, kama wanavyofanya kwa maiti.”

“Ilikuwa chafu, Ta Mwijage. Nimeisafisha.”

“Umefuta. Mimi nilitaka kusoma, wewe umefuta. Bomba la shemeji yangu Avit lilikuwa na rangi, tukalidharau. Hili halina hata moja, nitajuaje?”

Nuriat alitembea hadi kwenye migomba, akarudi. Maneno yalimjaa mdomoni, ya oili na kabureta na ringi, lakini aliyajua maneno ya wauzaji, na Mwijage pia aliyajua. Bomba lenyewe ndilo lingeaminiwa. Na likiwa jeupe namna ile, aliona, moto wowote utakaopita sasa utaandika upya, mbele ya macho ya mnunuzi.

Akamwambia apande mwenyewe. Apakie mikungu mitatu, aende juu ya mlima hadi penye mizani ya kahawa na kurudi, kisha asome.

Mwijage alikwenda kwenye kibanja chake cha migomba, akakata mikungu. Nuriat akasimamia ufungaji: miwili ubavuni nyuma, mmoja juu ya kiti. Pikipiki ikapanda mlima ikinguruma. Alipoacha kuisikia alianza kuhesabu hatua za uani, kutoka jiko hadi zizi la mbuzi. Georgina alikaa kizingitini akimenya ndizi, akimtazama tu.

Mwijage akarudi. Shingo ya bomba ilikuwa na rangi ya majani makavu, nyepesi, kama chai ya maziwa. Hakuna zaidi.

“Sawa,” alisema Mwijage. “Sasa nifunge kama tunavyofunga sisi.”

Nuriat alijua anachosema. Huku wengi walifunga mkungu mmoja mbele, kwenye vyuma vinavyokinga miguu, ili mzigo usiiinue pikipiki kichwa kwenye mlima. Angeweza kukataa. Angeweza kusema kwamba biashara imeshathibitika. Lakini mnunuzi anayekataliwa jaribio la pili hununua kwa mwingine. Akasema injini ipoe kwanza. Wakaingojea nusu saa, na katika nusu saa hiyo punje mbili za kahawa zilisagika mkononi mwake bila yeye kujua.

Mzigo ulikuwa ule ule, mlima ule ule, dereva yule yule. Mkungu mmoja tu ulihamia mbele ya injini. Mwijage aliporudi, harufu ya utomvu unaoungua ilimtangulia. Akazima, wakainama wote watatu. Rangi ya chai ilikuwa imeliwa na zambarau, na karibu kabisa na injini ulikuwepo mkanda wa buluu, upana wa kidole.

“Injini hii haipozwi na maji,” alisema Nuriat. “Inapozwa na upepo. Ukiweka mkungu mbele yake umeifunika blanketi halafu unaikimbiza mlimani. Funga nyuma, itadumu. Funga mbele, ni miezi minne.”

Mwijage aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake. Mkewe ndiye aliyeinuka, kisu cha kumenyea bado mkononi.

“Kaka yangu Avit, ulipomuuzia, ulimwambia hivyo?”

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kuzunguka lilikuwepo, tayari, kama lilivyokuwepo siku zote. Kwamba hakuulizwa. Kwamba kila mtu anajua. Nuriat alisimama, na miguu yake kwa mara ya kwanza siku hiyo ikatulia.

“Sikumwambia, Ma Georgina.”

“Ulikuwa hujui?”

“Nilijua. Muuzaji akianza kuongelea joto, mnunuzi anaondoka. Nikanyamaza.”

Mume na mke wakasogea kando, wakaongea Kihaya kwa sauti ya chini, ingawa walijua fika kwamba anakielewa. Georgina alitaka mgeni arudishwe na pikipiki yake. Mwijage alisema muuzaji aliyekubali kosa mbele ya mteja hajawahi kumwona, na angependa kumnunua kabla hajabadilika. Walipomrudia walikuwa na sharti moja la kuinunua. Pikipiki ya Avit bado iko chini ya banda, kuku wanataga juu yake. Aifufue.

Nuriat akarudi kwenye uwanja anaoujua. Alisema atatoa kazi yake na ya Burhani, Avit anunue pistoni. Georgina akasema na pistoni pia. Nuriat akasema basi Mwijage awaeleze wenzake wa kikundi safari zote mbili kwa kinywa chake, na awaonyeshe bomba, asilisafishe hata kidogo kabla ya kikao. Mwijage akakubali. Georgina akaongeza kwamba Avit aambiwe leo, na aambiwe na Nuriat mwenyewe, si kwa salamu. Hapo Nuriat hakupata cha kupunguza.

Kwa Avit ni migomba michache tu kutoka hapo. Walimkuta akianika kahawa kwenye mkeka. Alimwona Nuriat, akaendelea kuitandaza kwa mguu bila kusalimia. Nuriat hakungoja kukaribishwa. Alisema lote akiwa amesimama pembeni ya mkeka, haraka, kama anavyotaja bei: kwamba injini iliuawa na mkungu wa mbele, kwamba yeye alijua tangu siku ya kuuza, kwamba hakusema, kwamba ataitengeneza.

Avit aliuondoa mguu kwenye kahawa.

“Mwaka mzima,” alisema, “nyumba hii naambiwa kwamba mimi sijui kuendesha. Nikichelewa sokoni, sijui kuendesha. Nikimwaga uji, sijui kuendesha.”

Akageuka upande wa jiko na kumwita mkewe, Kokugonza, atoke nje, mgeni ana maneno. Kisha akamwambia Nuriat ayaseme tena, yote, na asiyakimbize.

Kokugonza akatoka akifuta mikono. Nuriat akavuta pumzi, akaanza upya, taratibu.