Mto Uliohamia Katikati

Fundi fremu alizipata ramani zile ofisi ya upimaji ilipokuwa inahama jengo. Zilikuwa zimerundikwa nje karibu na pipa, na mlinzi alimwambia kama anazitaka azibebe zote, asianze kuchagua. Hakuwa na haja na ramani. Alitaka karatasi ngumu za kuweka nyuma ya picha za wateja. Kwa miaka kadhaa maharusi wa mtaa wake walining'inia ukutani wakiwa wameegemea vilima wasivyovijua.

Alikuwa amefiwa na mke, akiishi na dada yake mkubwa aliyestaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini. Dada hakuwahi kuolewa. Katika ujana wake aliposwa na fundi pampu wa ng'ambo ya mto, baba yao akakataa, akisema yeye haozeshi binti kwa watu wa ng'ambo. Hakuongeza neno, na hakuna aliyethubutu kumwomba aongeze. Tangu hapo dada alipita darajani pale tu alipokosa njia nyingine.

Siku moja, mkasi ukiwa tayari mkononi, fundi aliona kwenye karatasi jina la mtaa wao. Ilikuwa ramani ya zamani kuliko yeye, ya enzi za utoto wa baba yao, mtaa ukiwa bado kijiji. Jambo moja halikumkalia sawa: mto ulipita nyuma ya kijiji, upande wa sokoni, wakati yeye maisha yake yote ameuona mbele. Akaamini mchoraji alikosea, na kwa nusu saa akajisikia vizuri. Kisha akafukunyua rundo, akapata ramani nyingine ya eneo lile lile, iliyochapwa baadaye. Humo mto ulikuwa mbele.

Kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja, alilaza kioo cha fremu juu ya ramani ya zamani, akauchora mto kwa wino, akakihamishia kioo juu ya ile nyingine. Ikawa mito miwili, na nyumba yao katikati.

Jumapili akatoka na kioo kwapani na ramani mkononi. Barabara ya sokoni, ambayo kila mtu aliilaumu kwa kupinda bila sababu, ilipinda pale pale mto ulipopinda. Alipofika kwa kinyozi, ambaye sakafu yake haikauki hata kiangazi, akasimama mlangoni.

"Unapima nini?" kinyozi akauliza.

"Naangalia kama uko mtoni."

"Na niko?"

"Katikati kabisa."

Kinyozi akaitazama sakafu. "Afadhali," akasema. "Mke wangu anasema ni mimi namwaga maji."

Jioni, fundi alimtandikia dada yake ramani ya zamani mezani. Akamwonyesha vidoa vyeusi, ambavyo ni nyumba, na mstari mwembamba, ambao ni njia ya miguu. Njia ilitoka karibu na kwao ikaenda moja kwa moja hadi kwenye vidoa ambavyo leo viko ng'ambo. Hapakuwa na maji popote kati yao.

Dada alivaa miwani, akafuata njia ile kwa kidole, akarudi, akaifuata tena.

"Kwa hiyo hawa walikuwa majirani zetu."

"Kijiji kimoja."

"Sisi tulikaa, na wao walikaa. Mto ndio uliovuka."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Na baba alijua."

Dada alivua miwani, akaifuta kwa kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kesho yake akasema wanakwenda ng'ambo.

Fundi pampu, naye sasa mzee aliyefiwa na mke, walimkuta uani amepiga magoti mbele ya pampu iliyofunguliwa. Alisalimia, akafuta mikono, akawaletea viti. Ramani aliiangalia mara moja tu.

"Hii najua. Marehemu baba yangu alinieleza."

"Ulijua, na hukuniambia?" dada akauliza.

"Alinieleza baada ya baba yenu kukataa. Nilimuuliza kwa nini. Mto ulihama kwa mafuriko ya usiku mmoja. Kijiji kikakatika vipande viwili, na mtumbwi ukabaki upande wetu. Bibi yenu alikuwa juu ya paa na watoto, anaita. Watu wetu waliogopa maji, hawakuvuka mpaka yalipopungua. Baba yenu alikuwa anaanza kuota ndevu. Mdogo wake alichukuliwa na maji."

"Baba hakuwa na mdogo," fundi fremu akasema.

"Alikuwa naye. Wa kike."

Dada akauliza jina lake lilikuwa nani. Fundi pampu akalitaja, na lilikuwa jina lake dada mwenyewe.

Hakulia. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa, akanywa, akarudisha gilasi. "Hata mimi ningeogopa," akasema. "Baba naye hakukosea kukasirika. Ila angetuambia."

"Ningekuja kukueleza," fundi pampu akasema, "lakini nilidhani ungeona nimekuja kumsema vibaya baba yako."

"Ningeona hivyo kweli."

Baada ya hapo dada alianza kuvuka daraja bila kulazimika. Mwaka uliofuata walioana kwa msajili, wote wawili wakiwa na viatu vipya vinavyowabana, na fundi fremu akawa shahidi. Msajili aliwauliza kama wamefahamiana vya kutosha. Dada alijibu kwamba wamejitahidi.

Alihamia kwa mumewe akiwa na masanduku mawili na pasi yake. Fundi fremu akajifunza kupika wali, kwanza vibaya, baadaye kwa kustahimilika. Baada ya kazi huacha redio ikizungumza chumbani mwa dada, mlango ukiwa wazi, na hula akiisikiliza.