Chai Yangu na Ukungu wa Mlima

Leo nimeaibishwa na kikombe cha chai.

Mnajua mimi hutengeneza taa za OLED, nyembamba kama skrini ya simu. Namwaga dawa ya majimaji kwenye kioo, nakikausha kwenye jiko dogo la maabara, kisha nawasha.

Kwa wiki tatu sasa, taa hizo zimekuwa zikila umeme mwingi na kuwaka kama kimulimuli mgonjwa.

Jana nikamwandikia msimamizi wangu kurasa mbili. Nikalaumu ukungu wa Mlima Kenya. Ati unyevu wake unaharibu taa zangu.

Leo Mama Wanja, fundi wa maabara, akasimama nyuma yangu.

"Na hii chai inafanya nini hapa?"

"Si ni hii baridi ya Nyeri, Mama. Naipasha."

"Kwa jiko moja na kioo yako?"

Jameni. Ilikuwa inafuka mvuke kando ya taa inayokauka!

Nikaiondoa, nikatengeneza taa ingine. Ikawaka kijani kali, kwa umeme kidogo tu.

Kabla nifurahie, msimamizi akajibu: "Ripoti nzuri. Jumatatu utueleze sote habari ya ukungu."

Niambieni, nikiri kosa ama nijifanye mgonjwa?

Mama Wanja amesema lazima ahudhurie. Ati ataleta chai.